Plani Chini ya Plani

Jumatatu, 22 Ogosti 1988

Amoniaki tena. Macho yanachoma tangu asubuhi. Nimetoa tiraji, zile nakala za plani zinazopigwa kwa amoniaki, za bomba la maji la Kituku, nikazitundika kwenye kamba zipoteze harufu, halafu umeme ukaenda zake. Ulirudi mchana. Nikakaa mbele ya ordinateri, hiyo kompyuta yetu.

Mashine hii ilikuja mwezi wa sita pamoja na Citoyen Lokwa, raia Lokwa kama serikali inavyotaka tuitane, enjenieri mupya kutoka Kinshasa. Mimi ndiye mutunza plani wa biro, ofisi yetu ya ujenzi hapa Goma, basi kuilisha ni kazi yangu. Kila plani, muchoro wa kitu cha kujengwa, iko na mustari wake mule ndani: namba, jina, herufi. Plani ikizaliwa ni A. Ikibadilishwa ni B. Ikibadilishwa tena ni C. Amri ya Citoyen: plani moja, mustari mumoja. Herufi mupya ikifika, andika juu ya ile ya zamani. Anayetafuta apate ya mwisho tu, asishike ya jana akapotea.

Ina maana. Siipendi. Zamani nilikuwa na kadi zangu. Plani ikibadilika naongeza kadi, sitoi. Sasa kadi zimetupwa, droo inawekwa vikombe.

Hata kalki haikumbuki kitu. Hiyo ndiyo karatasi ya kupitisha mwanga, plani yenyewe inachorwa pale. Muchoraji akitaka kubadilisha kipimo anakwangua wino kwa wembe, anaandika kingine palepale. Ukiinua kwenye dirisha unaona kivuli, basi.

Leo zamu ya maternite, nyumba ya kuzalia, ya Kibumba. Herufi C, tangu mwezi wa tano, kazi ya enjenieri wa zamani kabla hajahamishiwa Bukavu. Kwenye mashine nilikuwa nimeilisha kwa kadi ya zamani, bado B. Nimeandika C juu yake. B imekwenda kama haikuwahi kuwa.

Hii kwangu si plani kama nyingine. Mudogo wangu Kahindo ameolewa Kibumba. Bwana yake ni Munande kama sisi, mutu wa Butembo aliyekwenda kule kulima viazi na kitunguu. Mwaka jana uchungu ulimushika, hakukuwa na mahali pa kuzalia. Wakamupandisha kamyo ya viazi waje Goma. Paluku alizaliwa njiani juu ya magunia. Hakulia. Kwetu kijana wa kwanza, mutoto mwanaume, ni Paluku, wa pili ni Kambale; jina linamungojea mutoto kabla hajatoka. Lake lilimungojea bure.

Sasa Kahindo ana mimba tena. Mwezi wa kumi. Nataka ile nyumba iwe na paa kabla ya mwezi wa kumi. Sitaki kitu kingine.

Jumatano, 24 Ogosti

Muzee Bauma alipita biro. Nilimutengenezea chai, akaweka sukari mpaka kijiko kikasimama. Meno yake yatakwisha yote, na mimi ndiye nitakayemusagia maharagi.

Yeye ni mukubwa wa maseremala wetu, Muhunde wa Masisi. Nilipofika biro hii, sijui kitu, ndiye alinifundisha kusoma plani kwa kunionyesha mbao yenyewe. Ananiita binti. Baba yangu angekuwa hai angemuonea wivu.

Alitazama ordinateri kwa muda. Akasema: "Binti, hii kitu haina harufu. Plani bila harufu, mutu ataijuaje?" Nikamuambia aende zake akamalizie fermu zangu. Fermu ni zile pembetatu kubwa za mbao zinazobeba mabati. Za Kibumba ziko karibu kwisha kwenye atelie, karakana ya maseremala. Mbao nzuri, nyekundu, ya Beni. Nilienda kuinusa.

Jumamosi, 27 Ogosti

Salongo ya leo, ile kazi ya umoja ya Jumamosi, nimeifanya Kibumba. Nilipanda kamyo ya mchanga. Vumbi mpaka kwenye meno.

Kuta zimesimama! Za makoro meusi, mawe ya volkano, zimenyooka, mafundi wa mawe wamefanya kazi ya kupendeza. Nilizishika kama mutu anayenunua kitenge. Kahindo alinipeleka ndani kwenye chumba cha kuzalia. Amekwisha kuchagua mahali pa kitanda chake, chini ya dirisha. Anasema anataka kuona mashamba wakati uchungu umemushika na anatukana bwana yake. Tulicheka mpaka akashika tumbo, nikaogopa.

Nyumbani mama mukwe wake alisema mutoto huyu akiwa kijana ataitwa Paluku. Yule wa kwanza hakulia, basi hahesabiwi. Kahindo akaendelea kumenya viazi. Mimi nilitaka kujibu, nikameza, kwa sababu si nyumba yangu. Hasira iko nami mpaka sasa.

Jumanne, 30 Ogosti

Fermu zimeondoka. Vijana waliimba wakizipakia. Muzee Bauma alivaa shati safi, akapiga kila mbao kofi moja kama anaaga watoto wanaokwenda shule. Amenichekesha. Nampenda sana muzee yule.

Alhamisi, 1 Septemba

Hazifiki.

Kamyo imerudi na habari. Walipandisha fermu ya kwanza juu ya kuta. Upande mumoja ikakaa. Upande mwingine ikabaki hewani, nusu mita ndani ya ukuta. Wakajaribu ya pili. Vilevile. Zote ni fupi.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 2 Septemba

Citoyen Lokwa amegeuka rangi. Alifungua plani C mezani: chumba mita sita. Alipima gabari, ile fermu ya mufano iliyochorwa kwa chaki kwenye sakafu ya atelie: mita tano na nusu. Akauliza nani alimupa Muzee kipimo hicho.

Muzee akasema, "Plani."

Plani gani? Citoyen akanituma kwenye ordinateri. Nikaandika namba. Ikatoka C, mita sita, mustari mumoja. Mimi nikamuambia ilikuwako B, ya mita tano na nusu, nimeiona kwa macho yangu, nimeitolea tiraji kwa mikono hii. Akauliza iko wapi. Kalki imekwanguliwa. Kwenye mashine haiko. Tiraji za zamani tunazigawa, akina mama wa soko la Kituku wanafungia sambaza, wale samaki wadogo. Nilisimama pale kama mutu anayesimulia ndoto.

Ubaya ni huu: aliyetengeneza C hakuchora upya. Alikwangua tano na nusu, akaandika sita. Picha ilibaki ileile, mistari ileile, dirisha pale pale. Tiraji ya C ilipofika atelie, Muzee aliiona, akasema hii naijua, akaitundika na kuendelea na chaki yake. Mutu anayemutazama mutoto wake kila siku hamuulizi urefu.

Citoyen hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu kwamba mbao nyingine ya Beni itakuja labda Desemba, kama barabara itapitika kwenye mvua. Desemba! Na Muzee asimamishwe kazi kwanza, mpaka jambo lieleweke.

Muzee alichukua koti lake. Hakunitazama.

Namuchukia Citoyen. Naichukia mashine. Na Muzee nimemukasirikia pia, ndiyo, kwa nini hakusoma namba? Halafu namuona na ile shati yake safi, moyo unavunjika.

Jumamosi, 3 Septemba

Salongo. Nimefagia mbele ya biro na hasira yote niliyo nayo. Paka amekimbia.

Nimewaza Kahindo juu ya magunia. Nimefagia tena.

Jumapili, 4 Septemba

Baada ya misa nilimufuata Muzee nyumbani kwake. Muke wake, Mama Furaha, alinipokea mulangoni na macho mekundu. Anasema Muzee hali chakula, anakaa tu anautazama ukuta.

Ukuta ule naujua. Maseremala wetu wote wana desturi hiyo. Nyumba zao ni za mbao, upepo wa muji huu unapita kwenye nyufa, na karatasi ya plani ni nzito kuliko gazeti. Nyumba mupya ikianza, mukubwa wa kazi anapewa tiraji yake ya kubandika kwake. Si ya kuziba upepo tu. Ni heshima. Anakula akiitazama, anaamka akiitazama, jirani akiingia anaonyeshwa: hii ndiyo ninayojenga. Muzee Bauma hapimi kwenye tiraji ya atelie. Kipimo anatoka nacho kwake, kichwani, kama mutu anavyojua sala.

Na pale ukutani, mbele ya meza, iko B. Nzima. Mita tano na nusu. Na muhuri wangu mwenyewe pembeni.

Nililia. Sijui kama ni furaha. Nikamuambia, Muzee, tuitoe, nimupelekee Citoyen aione. Akakataa. Alisema amekwisha kumuaibisha kila mutu, asiaibishe ukuta pia. Mama Furaha hakubishana naye. Alileta sufuria ya maji ya moto na kitambaa, akaanza kulowesha gundi kwenye kona, taratibu, ile gundi ya unga wa muhogo ambayo yeye mwenyewe aliipika. Akamuambia: "Papa Furaha, shika huku, itapasuka." Akashika. Miaka yote ya ndoa iko kwenye sauti ile.

B ikatoka nzima. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine.

Maternite ya Kibumba, herufi A.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. A ina barza! Paa dogo mbele ya nyumba, na nguzo, na benchi ambapo akina mama wangekaa kungojea. Iliondolewa ili kupunguza mbao, ndipo ikawa B. Nikakaa chini. Muzee akasema, "Ee, ile barza. Niliilia ile barza." Akaomba chakula.

A haitoki. Imeshika mbao. Basi kama haiwezi kwenda kwa Citoyen, Citoyen atakuja.

Jumatatu, 5 Septemba

Amekuja. Sikufikiri angekubali. Na abakosti yake, ile suti ya wakubwa, iliyopigwa pasi, aliingia kwa Muzee akainamisha kichwa, mulango ni mufupi.

Nilimuwekea B mezani. Aliisoma, akatazama muhuri, akatazama tarehe. Akamugeukia Muzee akamuomba radhi, wazi, mbele ya muke wake. Muzee hakujua aweke mikono wapi.

Halafu akaona A ukutani. Akaisogelea. Akapiga magoti kwenye sakafu na abakosti ile, akatoa rula yake, akapima barza, akapima nguzo, akaanza kusemasema Kilingala peke yake na kucheka. Mama Furaha akaniuliza kwa sauti ndogo kama mutu huyu ni muzima.

Wazo lake ni hivi. Fermu zetu ni fupi, hazifiki ukuta wa mbele. Basi tusizilazimishe. Tusimamishe nguzo ndani, nusu mita kabla ya ukuta, na boriti juu yake. Fermu zikae ukuta wa nyuma na boriti ile. Pale pengo linapobaki tuanzishe paa la barza ya A: literemke kutoka kwenye boriti, lipite juu ya ukuta, litoke nje mpaka kwenye nguzo za barza. Kwa paa dogo kama lile miti ya Kibumba yenyewe inatosha, haihitaji mbao ya Beni. Ukuta wa C, fermu za B, barza ya A.

Muzee alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema boriti iwe nene zaidi. Citoyen akasema ndiyo. Wakaanza kubishana kuhusu misumari kama watu waliofahamiana zamani. Tulikula bugali na sambaza. Citoyen anakula kama mutu ambaye hakuna anayemupikia.

Alipoondoka aliniambia nimutayarishie kalki mupya kwa herufi D. Mupya, citoyenne, alisema. Hakuna kukwangua.

Nilimutukana moyoni tangu Ijumaa. Leo ningemufulia mashati.

Alhamisi, 8 Septemba

Muchoraji wetu amekaa siku mbili kwa Muzee akinakili A kutoka ukutani na B kutoka mezani. Amerudi amenenepa. Mama Furaha hajui kuachia sahani iwe tupu.

Nilimuendea Citoyen na neno langu. Nikamuambia plani isifutwe kwa sababu imekuja mupya. Kila herufi ipewe mustari wake kwenye mashine, na kila mustari useme: imetoka kwa herufi gani, imebadilishwa nini, na tiraji zake ziko kwa nani. Hasa hilo la mwisho. Kwa sababu plani ya zamani haifi tukiifuta sisi. Iko kwenye ukuta wa mutu, inaendelea kujenga.

Alisema disketi itajaa. Nikasema tutanunua nyingine. Alisema mutu atachanganyikiwa, atashika ya zamani. Nikasema tuiwekee alama: hii ndiyo ya kujengea leo, zile ni za kukumbuka. Halafu akavuta kiti akaanza kunionyesha namna ya kuongeza safu kwenye mashine. Haikuwa ngumu. Niliogopa bure kitu ambacho ni droo tu, yenye kioo.

Nimeandika:
A. Barza iko. Iko kwa: ukuta wa Muzee Bauma.
B. Imetoka kwa A. Barza imetolewa. Iko kwa: biro, fermu zote.
C. Imetoka kwa B. Chumba kimepanuliwa. Iko kwa: kuta za Kibumba.
D. Imetoka kwa zote tatu. Ya kujengea leo.

Nilipofika plani za zamani nikaandika pia: iko kwa mama wa sambaza, Kituku, hairudi. Citoyen alisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

Jumamosi, 17 Septemba

Salongo Kibumba. Kijiji kizima kilibeba miti. Wanawake, watoto, padri amekunja kanzu. Muzee Bauma yuko juu ya boriti anatukana kila mutu kwa upendo. Safari hii alikuja na tiraji ya D mukononi na alisoma kila namba kwa sauti. Kila namba! Tulichoka kumusikia.

Kahindo alikaa kwenye jiwe, miguu imevimba. Mbingu nzito upande wa volkano.

Jumamosi, 24 Septemba

Mvua ya kwanza kubwa. Mabati yamefika nusu ya paa tu. Nimekaa dirishani Goma nikiisikia ikipiga, na nilitaka kuishika kwa mikono niirudishe juu.

Jumatano, 5 Oktoba

Bati la mwisho limepigwa jana. Muzee amerudi na sauti imekauka. Amelala kwenye kiti cha biro, mudomo wazi. Nimemufunika na kitenge changu, na nimemukatalia kila mutu aliyetaka kupita.

Ijumaa, 14 Oktoba

Mutu wa viazi, anayeshuka na kamyo kutoka Kibumba, ameleta habari: uchungu ulimushika Kahindo jana mchana, akaenda kwa miguu yake mpaka maternite, akazaa jioni. Kijana. Analia sana. Mutu wa viazi alisema hivyo kwa kulalamika: analia sana, kelele kijiji kizima.

Nilimukumbatia mutu wa viazi. Simujui hata jina.

Jumapili, 23 Oktoba

Kibumba. Mvua nyembamba tangu asubuhi.

Akina mama wamejaa kwenye barza, wamekaa kwenye benchi wanatoa maharagi kwenye maganda. Nguzo za ndani, zile za fermu fupi, tayari zimekuwa mahali pa kutundika kanga na vikapu. Hakuna anayeuliza kwa nini ziko pale. Muzee Bauma alikuja pamoja nami. Alizishika moja moja, halafu akaenda kukaa barzani na wanawake, wakamupa maharagi amenye.

Kahindo bado yuko chini ya dirisha lake, mukunga hajamuruhusu kurudi nyumbani. Ameniomba tiraji ya nyumba hii, aibandike kwake nyumbani, pale mutoto atakapolala, upepo ni mwingi. Nikamuuliza herufi gani. Akasema zote. Kesho nitazitoa, na kwenye mashine nitaandika: ziko kwa Kahindo.

Mukunga aliingia kuandika jina kwenye kibao cha kitanda. Mama mukwe alijibu haraka: Paluku, ni wa kwanza. Mukunga akaanza kuandika.

Kahindo hakupandisha sauti. Alikuwa ananyonyesha, hakuinua hata kichwa. Akasema:

"Hapana, mama. Paluku yuko. Huyu ni Kambale."

Mukunga akafuta kwa kidole, akaandika Kambale. Mama mukwe akamutazama mutoto, akamutazama Kahindo, akatoka.

Baadaye nilikwenda kuchota maji nikamukuta mama mukwe barzani, amemubeba mutoto kifuani. Alikuwa anamuonyesha mvua. Alikuwa anamuambia, Kambale, tazama. Kaka yako hakuiona.